Uzi maalumu: Tuliowahi kumiliki na kukimbiza Datsun SSS, Peugeot 404 na wenzake kwenye vumbi la Dodoma, Kondoa na Iringa

MLETA UZI

Wakuu, habari za jioni. Wakongwe, shikamooni.

Nyuzi za Subaru, Altezza na Crown zipo za kutosha, na wenye magari hayo wana haki ya kuyafurahia. Lakini kuna kizazi kizima cha magari ya mbio kilichopita kwenye vumbi letu la kanda ya kati ambacho hakina anayekiandikia, na wanaokifahamu wanazidi kupungua. Nazungumzia Datsun 1600 SSS, Peugeot 404, Ford Escort, Colt Lancer, Volkswagen, Volvo zile za mgongo wa mviringo. Magari yaliyotamba kwenye Safari Rally, yale mashindano makubwa ya magari ya Afrika Mashariki, pamoja na ndugu zao wa mtaani tuliowanunua mkono wa pili au wa tatu, tukawafunga taa za ziada mbele na bamba la chuma chini ya sampu, tukashika njia ya Kondoa.

Ninachotaka tukubaliane mapema ni hiki. Gari la michezo kwetu halikuwa lile la milango miwili linaloburuza tumbo. Lilikuwa sedani, lile lile ambalo mhasibu wa wilaya alikwenda nalo kazini Jumatatu. Safari ilipoanza mwaka 1953, ikiitwa Coronation Safari kwa ajili ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, magari yalitakiwa yawe kama yalivyotoka dukani, na madaraja yalipangwa kwa bei ya gari, si kwa ukubwa wa injini. Mtu wa Tabora au Mbeya alitaka kujua jambo moja tu: nikitoa pesa zangu, ni gari gani litanifikisha? Barabara za Kenya, Uganda na Tanganyika ndizo zilizomjibu. Gari lililopita mtihani huo ni gari la mbio kwelikweli, na sioni kwa nini tulionee haya mbele ya Ferrari.

Angalieni mwaka 1963. Mvua zilinyesha, magari 84 yakaanza, 7 yakamaliza. Mwaka 1968 mvua tena: yakaanza 93, yakamaliza 7. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki na msaidizi wake Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404. Katikati hapo, 1966 na 1967, akashinda Bert Shankland akiwa na Chris Rothwell, nao kwenye 404. Shankland alikuwa Mskoti aliyeishi hapa Tanzania. Vijana wengi hawajui kwamba dereva wa huku kwetu aliwahi kuichukua Safari mara mbili mfululizo.

Yangu mimi ilikuwa Datsun 1600 SSS, ile ya umbo la boksi, ya aina ile ile aliyoshindia Edgar Herrmann mwaka 1970. Niliinunua mwanzoni mwa miaka ya 80 kwa mtaalamu wa kigeni aliyekuwa anamaliza mkataba wake hapa Dodoma. Mji ulikuwa mdogo, CDA (mamlaka ya kustawisha makao makuu) wanapima viwanja, ukishavuka Msalato uko porini. Injini ya cc 1595, kabureta mbili, gia nne. Ubora wake ulikuwa nyuma. Kila gurudumu la nyuma lilikuwa na springi yake na mkono wake, halikufungwa kwenye aksili moja ngumu. Kwenye rasta (yale matuta madogo madogo ya barabara ya vumbi) za kutoka Mayamaya kwenda Haneti, gari la aksili ngumu mkia ulikuwa unaondoka wenyewe kuelekea mtaroni. SSS ukiifikisha kilomita 80 kwa saa ilikuwa inapita juu ya vichwa vya rasta, stelingi inatulia mkononi, unaanza hata kusikia redio. Ukipunguza hadi 50 meno yanagongana. Kila aliyeendesha njia ile anajua kwamba kulikuwa na mwendo mmoja tu wa salama, na haukuwa mdogo.

Mbio zetu hazikuwa na jina wala wafadhili. Tulikuwa kundi la marafiki: watumishi wa serikali, vijana wa Uhindini waliokuwa na maduka ya spea, na madereva wa mashirika waliopenda tu kuona. Hatukushindana nani afike kwanza. Mtu mmoja alitangulia na pikipiki kupanga muda wa kila kipande, kila gari likaondoka peke yake, na ukichelewa dakika moja unapewa pointi moja ya adhabu, ukiwahi nako unaadhibiwa. Ndivyo Safari yenyewe ilivyokuwa: barabara haifungwi, mabasi yapo, ng'ombe wapo, na wewe unapambana na saa. Enzi zile za uhaba wa mafuta magari binafsi yalikuwa yamekatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, kwa hiyo tuliondoka kabla ya jua, na aliyekwama korongoni hadi saa saba alianza kuhangaikia askari kuliko pointi.

Kitu kilichobaki kwenye vidole vyangu ni zile kabureta. Zilikuwa za mtindo wa SU, zenye pistoni ndogo inayopanda na kushuka ndani ya kopo la aluminiamu, na juu yake unatia mafuta kidogo ya kuituliza. Vumbi la Dodoma ni laini, linapita popote. Likichanganyika na yale mafuta pistoni inanata, gari linavuta upande mmoja wa injini na kukohoa upande mwingine. Unafungua kopo, unaosha kwa petroli, unafuta kwa kitambaa kisicho na nyuzi, hupigi msasa kamwe. Ukirudisha, unainua pistoni kwa kidole na kuiachia. Ikishuka taratibu na kugonga chini "tak", iko sawa. Ikishuka kimyakimya, rudia. Kisha unazilinganisha mbili: unachukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya kwanza, unasikiliza mvumo, kama chungu kinachokaribia kuchemka. Unahamia ya pili. Unazungusha skrubu hadi sauti zifanane. Fundi wangu alikuwa anafunga macho wakati wa kazi hiyo, na gereji nzima ilinyamaza.

Leo Dodoma hadi Babati ni lami tupu, kilomita 251, tangu 2018. Nashukuru, wagonjwa wanafika hospitali. Lakini nataka tuyaandike haya kabla hayajapotea. Karibuni wenye 404, Escort, Lancer, Volks. Semeni mlikuwa nalo wapi, mlilikimbiza wapi, na liko wapi sasa.

MDAU WA IRINGA

Mkuu umegusa penyewe. Ila hapo kwenye Datsun tutagombana kidogo.

Umetaja mwenyewe ushindi wa 404 ukaupita haraka. Nakuhesabia: 1963, 1966, 1967, 1968. Mara nne ndani ya miaka sita. Hakuna Datsun SSS iliyofanya hivyo. Marehemu baba alikuwa mwalimu, alikuwa nayo 404 nyeupe yenye gia ya kwenye stelingi, na mimi nimejifunza kuendesha kwenye gari hilo njia ya Iringa kuja Dodoma.

Wasioijua njia ile ya zamani waelewe ilivyokuwa. Unatoka Iringa kwenye baridi, unateremka Nyang'oro, na kila kona joto linaongezeka. Ukifika Mtera unavuka juu ya bwawa, unakuta joto la bondeni ambalo rejeta nyingi hazikulipenda. Ukirudi ndiyo balaa, maana unaanza kupanda Nyang'oro injini ikiwa tayari imechoka. Nimeona magari mengi yakichemka pale, boneti wazi, watu wamekaa chini ya mibuyu wanasubiri ipoe. 404 ya baba nayo tuliipumzisha, lakini ilifika. Injini yake ya cc 1618 imelazwa kwa pembe ya nyuzi 45, kwa hiyo boneti iko chini na uzito uko chini. Magurudumu ni ya inchi 15, siyo vile vigurudumu vya inchi 13 vya Datsun vinavyoingia shimoni na kubaki humo. Na springi zake ndefu. Unaona jiwe, unajua utaligonga, unaligonga, na hakuna kinachotokea.

Kukimbiza nilikimbiza baadaye, nikiwa kijana, kwenye mashindano ya wenyeji pale Iringa. Kwenye kona 404 inalala upande hadi abiria anashika paa. Wageni walikuwa wanadhani inapinduka. Haipinduki. Inalala, inasubiri, unaiongezea mafuta inanyooka. Datsun inapendeza kwa dereva hodari. 404 inamfanya dereva wa kawaida awe hodari. Hayo ni mambo mawili tofauti, na kwa barabara zetu naliheshimu la pili.

MDAU WA SINGIDA

Naweka kambi hapa. Nikitulia nitaleta habari za Sekenke.

FUNDI WA KIZOTA

Salaam wakuu. Nimeyafungua yote mawili, 404 na SSS, kwa mikono hii, kwa hiyo niruhusuni niseme.

Wa Iringa uko sahihi kuhusu springi na magurudumu. Mleta uzi uko sahihi kuhusu nyuma ya Datsun. Lakini hamjataja kilichokuwa kinaua magari ya hapa Dodoma kuliko makorongo, nacho ni chujio la hewa. 404 nyingi zilizokuja Afrika zilikuwa na chujio la kuogea mafuta: hewa inapita juu ya beseni dogo la oili, vumbi linazama, hewa safi inaendelea. Unamwaga oili chafu, unaosha, unatia mpya, safari inaendelea, hata ukiwa Kelema ambako hakuna duka. SSS ilikuwa na chujio la karatasi. Karatasi ikijaa vumbi watu walikuwa wanaipiga chini, "pa pa pa", wanairudisha. Ikitoboka hawaoni. Baada ya hapo vumbi linaingia kwenye silinda, ringi zinakwisha, moshi wa bluu, na mtu anasema Datsun ni mbovu. Datsun si mbovu, imelishwa mchanga.

Jambo la pili ni mwinuko. Dodoma ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Gari likitoka Dar likiwa limefungwa vizuri, likifika hapa linakula mafuta na kutoa moshi mweusi, kwa sababu hewa ni nyepesi na petroli ni ile ile. Kwenye SU dawa ni rahisi, unapandisha jeti kwa kuzungusha nati yake ya chini, kidogo kidogo. Kupima, unainua pistoni kidogo tu injini ikiwa inanguruma taratibu. Ikiongeza kasi na kubaki juu, mafuta ni mengi. Ikitaka kuzima, ni machache. Ikipanda kidogo halafu ikarudi, acha hapo hapo, usiguse tena. Kabureta hii inakuambia ukweli bila mashine yoyote, ndiyo maana naipenda hadi leo.

Platini za Datsun (zile za kukata na kuunga umeme wa cheche) ziache nafasi ya milimita 0.45 hadi 0.55. Valvu ukiwa na injini ya moto, ingizo 0.25, ekzosi 0.30. Naandika hapa maana vitabu vyake sasa havipatikani, na kijana akiziacha kwa kukisia atachoma valvu.

Na petroli. Tangu ile yenye madini ya risasi ilipoondolewa, 2006 ilikuwa imekwisha ukanda wetu wote, nimepokea magari ya zamani ya Kiingereza yenye kichwa cha chuma tupu yakiwa yamekula viti vya valvu. Risasi ilikuwa inalinda pale chuma kinapokutana na chuma. 404 na Datsun vichwa vyake ni vya aluminiamu na viti vimepachikwa, vinavumilia zaidi. Mwenye Morris au Ford ya zamani aweke viti vigumu siku atakayofungua kichwa, asisubiri.

BINTI WA KONDOA

Shikamooni wazee wangu. Nasoma hapa nikiwa na furaha ambayo siwezi kuieleza vizuri.

Kwetu gari lilikuwa Datsun 160J. Wanaofuatilia watakumbuka kwamba Shekhar Mehta alishinda Safari kwa 160J mwaka 1979 na 1980, na 1981 na 1982 akashinda tena na Violet GT, ambayo ni gari la ukoo huo huo. Ukijumlisha na 1973, mara tano. Hakuna aliyefikisha tano kabla yake. Kwa hiyo kaka yangu alipopata 160J iliyochoka kutoka kwa mfanyabiashara mmoja, hakuna aliyelala nyumbani usiku ule.

Kaka aliendesha, mimi nilisoma njia. Watu walishangaa kumwona msichana kiti cha kushoto na daftari magotini, lakini ilikuwa hivi: kaka hakuwa na subira ya kuandika, na mimi nilikuwa naikariri njia ya Kondoa hadi Bereko kwa miguu. Ukisoma historia utakuta mwaka 1961 akina Anne Hall na Lucille Cardwell walimaliza wa tatu kwenye Safari nzima, wanawake wawili ndani ya Ford. Nilipolijua hilo nilimwonyesha mama, na upinzani wake ukapungua.

Daftari letu lilikuwa la shule, lenye mistari. Hatukuwa na vifaa vya kupimia zaidi ya mita ya kilomita ya gari, kwa hiyo kila alama ilikuwa ni kitu cha kuonekana. "Mbuyu uliopasuka, kushoto, usikate kona, kuna jiwe." "Drifti, mchanga, gia ya pili kabla, usishike breki ndani." "Kanisa, watoto." "Tope jeusi mita mia mbili, kamata njia ya juu." Neno "watoto" nililipigia mstari mara mbili, na popote lilipoandikwa kaka alipunguza hata kama tunachelewa. Hilo halikuwa la kujadiliwa. Watoto walikuwa wanakimbilia barabarani kushangilia, na wengine walikuwa wadogo zetu.

Kuna sehemu moja kabla ya Bereko ambapo udongo unabadilika ghafla. Kiangazi huoni tofauti, ni rangi tu. Masika, ule udongo wa mbuga unavimba, unashika tairi, unajaa kwenye tao la gurudumu hadi tairi haizunguki. Tulibeba fito. Unasimama, unalala chini kwenye tope, unachokonoa udongo kutoka kwenye tao kwa fito, mwenzako anahesabu dakika. Nina kovu dogo kwenye kiwiko kutoka kwenye ekzosi ya moto siku ile. Tulipata pointi nyingi za adhabu na bado hatukuwa wa mwisho, kwa sababu wengine hawakufika kabisa.

160J tunayo. Ipo kwenye banda hapa nyumbani Kondoa, imeinuliwa kwenye mawe, tairi zimetolewa ili zisioze. Injini inazunguka kwa mkono. Kaka alitangulia mbele ya haki, kwa hiyo sasa ni yangu. Fundi wa Kizota, nitahitaji msaada wako.

FUNDI WA KIZOTA

Dada, pole kwa kaka. Usiiwashe kwa betri hata kama inazunguka. Toa plagi zote nne, tia oili kijiko kimoja kila silinda, iache wiki, ndipo uzungushe tena kwa mkono. Tangi la mafuta lishushwe lisafishwe kwanza, petroli ya zamani inageuka gundi. Nitakuja Kondoa mwenyewe, nipe muda tu.

KIJANA WA NKUHUNGU

Wakuu shikamooni. Nina maswali mawili.

La kwanza, mleta uzi umesema gari la michezo kwetu lilikuwa sedani. Mbona Datsun 240Z imeshinda Safari, na ile ina milango miwili na viti viwili, iko chini? La pili, kuna mzee Mpwapwa ana Datsun ya boksi nyuma ya nyumba, anasema ni SSS, anataka kuiuza. Nitajuaje kama ni kweli, na niangalie nini kabla sijatoa hela?

MLETA UZI

Swali zuri sana kijana. 240Z ilishinda 1971 na Herrmann, na 1973 na Shekhar Mehta. Injini ya silinda sita, cc 2,393, na ilikuwa na nguvu kuliko sedani zote tulizotaja. Siikatai hata kidogo. Lakini angalia mwaka 1973 ulivyokwisha. Mehta kwenye 240Z na Harry Källström kwenye Datsun ya sedani walimaliza wakiwa na pointi za adhabu sawasawa, baada ya maelfu ya kilomita. Ikabidi waangalie nani aliyekwenda mbali zaidi bila kuadhibiwa, ndipo Mehta akapewa. Nguvu zote zile za silinda sita, na sedani ikawa bega kwa bega naye hadi mstari wa mwisho. Kwangu mimi matokeo yale yanaithibitisha hoja yangu kuliko yanavyoipinga.

Na kumbuka ilichukua hadi 1972 kwa dereva wa kutoka ng'ambo kushinda Safari. Hannu Mikkola na Gunnar Palm, Ford Escort RS1600. Kabla ya hapo miaka karibu ishirini, wakuu wa Ulaya walikuja na timu na ndege na makanika, wakashindwa na watu wanaoishi huku. Gari lilikuwa nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kujua kwamba mchanga mweupe ni mgumu na ule mwekundu unazama, na kwamba ng'ombe wa kwanza akishavuka wote watavuka.

Swali la Mpwapwa nitalirudia chini, ngoja wengine waseme.

MDAU WA SINGIDA

Nimerudi kama nilivyoahidi.

Mimi nilikuwa na Colt Lancer 1600. Si GSR kamili, lile toleo la mbio. Ilikuwa Lancer ya kawaida tuliyoifunga injini ya 1600 yenye kabureta mbili, na kwa macho ya Singida ilikuwa ndege. Aliyeniambukiza ni Joginder Singh. Alishinda 1965 kwa Volvo PV544 akiwa na ndugu yake Jaswant, halafu 1974 na 1976 kwa Lancer. Mtu wa Kericho, amekulia kwenye gereji ya baba yake, anazijua gari kwa masikio. Nilikuwa na picha yake iliyokatwa gazetini, ukutani, juu ya kitanda.

Sekenke ndipo nilipojua Lancer ni gari. Kwa wasioijua, ni ile miteremko ya kutoka Singida kwenda Igunga, mlima wenye machimbo ya dhahabu ya zamani. Lori zinapanda kwa gia ya kwanza, zinashuka kwa gia ya kwanza. Njia ya zamani ilikuwa ya mawe, kona zimebana, na upande mmoja ni bonde. Tulipanga muda kutoka chini hadi juu, gari moja moja, alfajiri, na vijana wawili wenye bendera nyekundu kusimamisha magari juu na chini. Lancer ni nyepesi. Unaingia kona kwa gia ya pili, unagusa breki kuuvuta mkia, mkia unakuja, unakanyaga mafuta kabla pua haijaelekea unakotaka, na kufumba na kufumbua uko kwenye kona nyingine. Mikono haina nafasi ya kupumzika. Nikifika juu vidole vilikuwa havikunjuki, nacheka peke yangu.

Lakini kuna jambo linaniuma, lazima niliseme. Lancer yangu niliiuza. Alikuja mnunuzi mmoja, akasema inakwenda kwa mtu anayeyatunza. Nilikuja kuambiwa ilikatwa, injini ikaenda kwenye mashine ya kusaga, bodi ikauzwa kwa kilo. Wengine magari yao yamechukuliwa na watu wa nje, na hao angalau wanayatengeneza. Tangu 2003 kuna Safari ya magari ya zamani, huanzia Kenya na mara kadhaa imeingia Tanzania. Björn Waldegård alishinda mwaka 2011 kwa Porsche 911, akisomewa njia na mwanawe Mathias. Nimeona picha za Datsun na Escort humo zinang'aa kuliko siku zilipotoka kiwandani. Nafurahi, lakini nauliza: zile zilizotoka Singida, Manyoni, Kondoa, kwa nini zirudi huku kama wageni, zikiendeshwa na watu waliokuja kwa ndege?

MDAU WA IRINGA

Mzee wa Singida umenigusa. 404 ya baba ipo. Baada ya kusoma hili nimempigia simu mdogo wangu, nimemwambia asimsikilize mtu yeyote wa vyuma chakavu.

MLETA UZI

Hapo ndipo nilipotaka tufike wakuu. Mimi sina mamlaka ya kumzuia mtu kuuza mali yake. Lakini gari likibaki hapa, fundi mmoja anabaki na kazi ya kulisikiliza, na kijana mmoja anajifunza kwake. Ujuzi wa Fundi wa Kizota hauwezi kukaa kichwani mwa mtu ambaye hana gari la kuutumia. Kompyuta za magari ya sasa ni elimu nyingine, ina wenyewe na ina heshima yake. Hii ya mpira wa maji sikioni ikifa, haitafufuliwa na kitabu.

Kwa hiyo kijana wa Nkuhungu, ile ya Mpwapwa nenda kaitazame kwa makini, na nenda asubuhi kukiwa na mwanga. Ubavuni mwa bloku utaona pameandikwa L16. Hilo linakuambia injini tu, halikuambii kama ni SSS, kwa sababu L16 iliwekwa kwenye 1600 nyingi. Angalia kabureta: SSS ina mbili. Kama ina moja, uliza kama ilibadilishwa, na uchungulie menifodi (bomba linalogawa mchanganyiko wa hewa na petroli kwenye silinda), isiwe imekatwa na kuchomelewa. Kisha lala chini uangalie nyuma. Ukiona springi za majani na aksili moja nzima, hiyo si tunayoizungumzia. Ukiona difu limefungwa kwenye bodi na nusu aksili mbili zinatoka pande zote, endelea. Usikate tamaa ukikuta injini nyingine humo ndani. L18 na L20B zinaingia bila shida kubwa, na wengi walifanya hivyo injini za asili zilipokwisha.

FUNDI WA KIZOTA

Naongezea. Injini inatengenezeka, bodi ndiyo pesa. Chukua bisibisi, bonyeza chini ya trei ya betri, bonyeza sakafu upande wa dereva, bonyeza pale juu shokapu za mbele zinapofungwa ndani ya boneti. Bisibisi ikizama, hesabu gharama za kuchomelea kabla hujataja bei. Fungua kifuniko cha oili: ukiona ute mweupe wa maziwa, maji yameingia, gasketi ya kichwa au kichwa chenyewe. Namba ya chesisi imegongwa kwenye ukuta wa injini, ilinganishe na kadi ya gari, herufi kwa herufi. Kama kadi ina jina la marehemu au la mtu aliyerudi kwao zamani, maliza hilo na familia na mamlaka kabla ya kulipa hata senti.

KIJANA WA NKUHUNGU

Asanteni sana wazee wangu. Jumamosi nakwenda Mpwapwa. Kabureta ngapi tayari nimeshaambiwa kwa simu: mbili.

BINTI WA KONDOA

Mbili! Kijana usimwambie mtu mwingine hadi ulipe.

MLETA UZI

Piga picha za ukuta wa injini, sakafu na nyuma chini ya difu, uzilete hapa kabla hujakubali bei. Na beba kipande cha mpira wa maji.